Sungura wa Jumba Lililofungwa

Machi 9

Leo nimeona kitu cheupe kwenye bustani ya jumba lililofungwa, nikadhani ni mfuko wa plastiki. Nilikuwa roshani naanika mashuka. Mfuko ukajikuna sikio.

Sungura! Nikaliacha shuka linaning'inia upande mmoja, nikainama ukingoni mpaka kiuno kikalalamika. Wa pili alikuwa wa kahawia, chini ya mbogonvilia. Wa tatu mweusi, mkubwa kama paka. Kisha wakatoka wote kwa mpigo kama wanafunzi wakisikia kengele. Nilihesabu hadi kumi na mmoja, hesabu ikanipotea.

Nikampigia simu kaka yangu Nazmi palepale. Nazmi ana duka la vipuri vya baiskeli na tumbo linalojulikana Ismailia nzima.

"Nazmi, nyama ya Pasaka imekuja yenyewe mpaka mlangoni."

Nilimsikia anameza mate. Ndiyo kwanza siku ya tatu ya Kwaresima, na sisi Wakopti, Wakristo wa Misri, hatugusi nyama, maziwa wala yai mpaka Pasaka. Kumtajia mtu mlenda wa sungura wakati huu ni kumtesa.

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja, na zaidi."

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, utadhani duka limejaa majasusi, "usimwambie mtu."

Nimefundisha upishi na ushonaji shule ya wasichana miaka thelathini na mmoja. Naweza kumchuna sungura kabla maji ya chai hayajachemka. Leo nimelala mchana nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu.

Machi 10

Kumi na wanne. Wanene ni wawili tu. Nimewatupia maganda ya karoti wanenepe.

Machi 13

Ufunguo wa lango la jumba anao Haji Metwali wa ghorofa ya chini. Alikuwa fundi mitambo wa tagi, zile boti za kuvuta meli, kwenye Mfereji wa Suez mpaka alipostaafu. Wenye jumba wako Ugiriki, na walimwachia ufunguo awe anamwagilia maua. Tangu mkewe afariki, anamjibu mtu kama anayefukuza mbwa.

"Haji, habari za asubuhi. Naomba ufunguo wa bustani mara moja."

"Wa nini?"

"Kuna sungura mle."

"Hakuna."

"Haji, nimewahesabu. Kumi na wanne."

"Basi ni panya. Mji huu una panya wakubwa, Abla."

Mtaa mzima bado unaniita Abla, kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakimwita mwalimu wa kike.

"Panya wenye mikia ya pamba?"

Akanifungia mlango usoni. Nina hakika anawala yeye, au anawauza. Mtu hang'ang'anii ufunguo hivyo bila sababu.

Machi 16

Nina miaka hamsini na minane na leo nimeruka ukuta.

Upande wa nyuma umebomoka, unanifika kiunoni. Nilivaa glavu za Nazmi, nikachukua gunia, nikapita. Sketi imechanika hadi pajani. Nilitaka kumkamata mmoja tu nimpime uzito, nijue kama watafaa ifikapo Pasaka.

Nilipochuchumaa, wote walikimbilia chini ya baraza la jumba, wamechimba mashimo mle. Mmoja alibaki. Yule mweupe wa siku ya kwanza. Akanitazama, akaja. Akaja mwenyewe! Akasimama kwa miguu ya nyuma, akaniwekea mikono miwili gotini.

Nimenunua sungura soko la Alhamisi maisha yangu yote. Sungura wa sokoni akikuona anajibana pembeni ya tenga na moyo unamdunda. Huyu alikuwa anaomba. Kuna mtoto aliyekaa naye siku nyingi, na kitu kitamu mkononi, mpaka akajifunza kusimama hivi.

Nikagusa shingo yake. Chini ya manyoya kulikuwa na utepe wa waridi. Walimfunga akiwa mdogo, akakua, utepe ukabaki vilevile. Umeingia kwenye ngozi, na pembeni pana usaha. Nilitoa mkasi wangu wa kushonea nikaukata polepole, uzi kwa uzi. Hakujitikisa hata mara moja. Ulipokatika akavuta pumzi ndefu, nikaisikia.

Gunia nimelirudisha tupu.

Machi 17

Nazmi amekasirika.

"Dada, umeniahidi mlenda."

"Nimekuahidi, na nimeghairi."

"Kwa sababu sungura amekushika goti?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikikushika goti?"

Nimemfukuza na ufagio, lakini nimecheka mpaka ngazini.

Machi 19

Huwaida, mwanafunzi wangu wa zamani aliye duka la dawa, amenipa namba ya Daktari Yusriya, daktari wa wanyama mwenye kliniki ng'ambo ya reli. Nyuma ya kliniki kuna banda la farasi wa zamani ambamo anawatunza sungura waliotupwa. Sikujua kwamba kuna mtu duniani mwenye kazi hiyo. Alikuja jioni kabla jua halijazama, akaruka ukuta kwa hatua moja. Ana miaka thelathini na kitu na anaongea haraka kama anayechelewa treni.

Nikataka kumwonyesha kwamba mimi si mgeni wa sungura. Nikamwinua mweupe kwa masikio.

"Abla, kwa jina la Mungu, mshushe! Sikio si mpini!"

Miaka thelathini na mmoja nimewafundisha wasichana kushika sungura vile. Akanionyesha: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, umwegemeze kifuani. "Akirusha miguu ukiwa umemshika vibaya, uti wa mgongo unavunjika. Na usiwafukuze. Sungura anaweza kufa kwa hofu tu."

Kisha akazunguka bustani, akarudi uso umebadilika.

"Hawa si wa mwituni. Kuna mtu aliwatupa, wawili au watatu, wakazaana. Hawajui kujificha. Majani yameisha, wanatafuna magome ya miti. Wengi wana upele. Joto la Mei likifika, Abla, utawaokota wamekufa."

"Tufanye nini?"

"Tuwakamate wote. Wote! Ukibakiza dume na jike, mwakani uko palepale. Madume kwangu huku, majike kule, nawafunga uzazi, tunawatafutia nyumba."

Amemchukua mweupe, kidonda kitibiwe. Nilipomkabidhi nilihisi mikono yangu haina kazi.

Machi 23

Mmoja tu. Mdogo, wa kijivu. Amenikojolea. Nimefurahi kama nimeshinda bahati nasibu.

Machi 27

Upepo wa Khamsini wa kwanza, ule wa jangwani. Vumbi mpaka ndani ya meno. Madirisha yote nimeziba kwa taulo.

Machi 30

Sita kwa siku moja! Naandika bado nina majani kichwani.

Daktari alileta uzio wa waya wa kukunja. Kwa siku tatu tumeuacha wazi katikati ya bustani, na ndani yake kotmiri na majani ya karoti. Siku ya kwanza hawakusogea. Siku ya pili waliingia wadogo. Leo nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya mbogonvilia nimeshika kamba ya kuufungia uzio, siwezi kupiga chafya, siwezi kujikuna, chungu ananitembea shingoni. Mmoja akaingia. Watatu. Watano. Daktari, aliyekuwa upande wa pili, akaninyooshea kidole: subiri. Wa sita akachungulia, akarudi, akachungulia tena. Nikawa namwomba Bikira Maria kwa dhati kuliko nilivyoomba siku ya mtihani wa cheti cha ualimu. Akaingia. Nikavuta!

Tulirukaruka tumeshikana mikono, mimi na daktari, kama wehu. Nilipoinua macho nikamwona Haji Metwali dirishani. Alikuwa anatutazama. Nilipompungia mkono akashusha pazia.

Aprili 4

Siku mbaya.

Nimemkuta yule wa kahawia, aliyekuwa chini ya mbogonvilia siku ya kwanza, amenaswa kwenye kitanzi cha waya karibu na ukuta uliobomoka. Alikuwa amekufa, bado ni vuguvugu.

Nilimbeba kwenye aproni yangu mpaka mlango wa Haji Metwali nikaugonga kwa ngumi. Alipofungua nikamwonyesha.

"Umefurahi sasa? Ndiyo maana hutaki mtu aingie! Unatega, unakula, au unauza? Mwanamume aliyehiji nyumba ya Mungu!"

Majirani walitoka ngazini. Nilisema mengi, mengine siyaandiki. Haji alimtazama sungura yule wa kahawia kwa muda mrefu, kisha akanyoosha kidole kimoja akamfumba jicho lililobaki wazi. Akaingia ndani.

Aprili 5

Nazmi alikuja na maandazi ya Kwaresima, yale ya mafuta matupu. Nikamsimulia ya Haji kwa hasira zote, nikamwonyesha waya. Andazi likabaki njiani kati ya sahani na mdomo wake.

"Dada. Waya huo ni wa breki za baiskeli."

Nikautazama. Nikamtazama.

"Niliweka kabla hujabadili mawazo," akasema. "Viwili. Kimoja nimekitoa. Kingine nilisahau nilikokiweka, nikaona aibu kukwambia. Naapa kwa Pasaka, Ferial, nilisahau."

Nimeishi naye tangu alipozaliwa na sijawahi kumwona analia kwa ajili ya mnyama. Nilimwacha alie. Andazi nilikula mimi.

Aprili 6

Nimekwenda kumwomba radhi Haji Metwali. Nimesema mbele ya mlango wake, kwa sauti, majirani wasikie kama walivyosikia yale mengine. Mlango haukufunguka.

Aprili 8

Kwenye zulia la mlangoni pangu nimekuta kitu kimefungwa kwenye gazeti. Ufunguo wa lango.

Aprili 9

Wanne! Tukipita langoni kama waungwana, bila sketi kuchanika. Nazmi alibeba vizimba vyote peke yake na hakusema neno kuhusu mlenda.

Aprili 12

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Haji Metwali alinisubiri chini ya ngazi, amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa leo si Ijumaa. "Nasikia unakwenda kliniki. Nina gari." Ndiyo hayo tu. Njia nzima alikohoa.

Banda la Daktari Yusriya lina vyumba vinne vya farasi, na kila chumba sasa kina sungura. Nikamwonyesha Haji wale wetu, nikijisifu kama mama wa harusi. Kisha daktari akafungua kizimba cha yule mweupe, shingo imepona, manyoya yameanza kuota.

Sungura akashuka. Akanipita mimi niliyemkata utepe. Akampita daktari anayemlisha. Akaenda moja kwa moja kwa Haji Metwali, akasimama, akamwekea mikono gotini.

Haji akakaa chini. Pale pale kwenye mabua, na kanzu yake nyeupe.

"Lozi," akasema. "Lozi wangu mimi."

Daktari akanitazama, nikamtazama.

Haji akaeleza huku anamkuna Lozi kichwani. Mwaka juzi alimnunulia mjukuu wake Jumana sungura watatu siku ya Idi: Lozi mweupe, Kahawa mweusi, Karafu wa kahawia. Binti yake na mumewe wakapata kazi Kuwait, wakaondoka na mtoto. Sungura wakabaki kwa babu na bibi. Kisha bibi akafa.

"Nilikuwa siwezi kujipikia mimi, Abla. Nikiamka nasikia wanakwaruza kizimba. Kila siku, kwaru, kwaru. Siku moja nikafungua lango la bustani nikawaachia. Nikasema wana majani, wana kivuli. Watatu tu. Mtoto nikamwambia nimewapeleka shamba, Tell el-Kebir. Kila akipiga simu ananiuliza hali yao, nami namtungia hadithi."

"Na unamwagilia maua kila wiki," nikasema, "unawaona wanavyokonda."

"Nilikuwa nafumba macho."

Nilitaka kumpiga na ndoo, kweli kabisa. Kisha nikakumbuka ni nani mwezi mmoja uliopita alikuwa anawatupia maganda ya karoti ili wanenepe, na Nazmi na waya wake. Kati yetu watatu hakuna aliyefaa kumnyooshea mwenziwe kidole.

"Karafu ndiye yule uliyeniletea kwenye aproni," akasema.

"Najua. Sasa najua."

Tulipokuwa tunarudi, kwenye taa za kituo cha treni, akauliza: "Wamebaki wangapi?"

"Nane au tisa."

"Nimefanya kazi miaka thelathini na minne ndani ya chumba cha mitambo ambacho paka asingeweza kugeuka. Mashimo yale ya chini ya baraza, niachie mimi."

Aprili 13 hadi 16

Sijaandika, tuna kazi. Haji amechora ramani ya mashimo kwa penseli, ina vipimo na mishale.

Aprili 17

Kumi na tisa wako kliniki, kumbe wengi walikuwa mashimoni tangu mwanzo! Wamebaki wawili: Kahawa, baba yao mweusi, na jike mmoja wa kijivu mwenye sikio lililopasuka. Wajanja wote wawili. Kahawa anaingia uzioni, anakula, na kabla sijavuta kamba ameshatoka. Nazmi anasema huyo sungura amesoma.

Aprili 20

Kibao kimewekwa langoni. Jumba limeuzwa, litavunjwa, litajengwa jengo la ghorofa tisa. Mkandarasi, Bwana Sharbini, alimwambia Haji kazi itaanza baada ya Sham-en-Nasim, siku ya kunusa upepo, yaani baada ya Mei 2. Tuna muda.

Aprili 22

Jike la kijivu linabeba majani makavu mdomoni. Linajing'oa manyoya kifuani, linaingia nayo chini ya baraza. Daktari kwenye simu: "Anatengeneza kitanda. Atazaa leo au kesho. Msiguse, msifukue, mwacheni atulie."

Nimepita mara kumi roshani leo.

Aprili 24

Jumapili ya Matawi. Nimesuka msalaba wa matawi ya mtende, mwingine nikampa Haji autundike kwenye gari. "Mimi?" akasema. "Wewe," nikasema. Ameutundika.

Aprili 26

Saa mbili kasoro asubuhi nilisikia muungurumo nikadhani ni Khamsini, maana anga lilikuwa limeshageuka rangi ya tofali. Nikafungua dirisha. Katapila! Katapila la njano limesimama langoni, na wanaume wanne wanang'oa bawaba.

Nilishuka na viatu vya nyumbani. Nikampigia Nazmi, nikampigia daktari, nikagonga mlango wa Haji kwa kisigino, yote kabla sijafika langoni. Daktari alikuwa shambani nje ya mji, mkono mzima ndani ya ng'ombe anayezaa. "Dakika arobaini," akasema, "arobaini na tano. Abla, wasiguse baraza!"

Bwana Sharbini ni mtu mnene mwenye kofia ya plastiki. Nikamsimamia mbele.

"Ulisema baada ya Sham-en-Nasim!"

"Kibali kimetoka mapema, mama, na mashine imepatikana leo. Sogea, vumbi litakuumiza."

"Chini ya baraza lile kuna mama na watoto wa siku nne."

Akageuka kuwatazama watu wake. "Watoto? Kuna watu mle?"

"Sungura."

Wakacheka, wote wanne. Yeye hakucheka. Alinikazia macho kupitia vumbi. "Wewe ni Abla Ferial? Wa shule ya wasichana?"

"Ndimi."

"Mke wangu Samah ulimfelisha mapishi!"

Nikamkumbuka palepale, Samah mrefu wa dawati la nyuma. "Aliunguza wali."

"Ndiyo."

"Anaunguza mpaka leo?"

Watu wake wakasubiri. Bwana Sharbini akavua kofia, akaipangusa. "Mpaka leo," akasema, na safari hii hata dereva wa katapila alicheka. "Hadi adhana ya adhuhuri, Abla. Adhana ikimalizika, sikujui hunijui."

Tulikuwa na muda wa saa nne tu. Haji alikuwa ameshafika, ana ramani yake, koleo fupi na kofia yake ya kusalia kichwani. Nazmi alikuja na baiskeli ya mteja. Upepo ulikuwa unapiga mpaka mbogonvilia inalala chini. Nilifunga mtandio usoni, macho peke yake nje.

Haji alilala kwa tumbo akaingia chini ya baraza. Kichwa, mabega, kiuno. Zikabaki nyayo mbili. Nazmi aling'oa vigae kwa juu pale ramani ilipoonyesha, ili hewa iingie. Mimi nikapiga magoti kwenye mdomo wa shimo. Tulichimba kwa koleo, kisha kwa kijiko, kisha kwa vidole, maana daktari, ambaye ng'ombe wake alikuwa bado hajazaa, alikuwa akipiga kelele kwenye simu: "Polepole! Wana ukubwa wa kidole!"

Saa tatu ikapita, saa nne, saa tano. Shimo la kwanza tupu. La pili tupu. Tukamsikia Haji anakohoa mle ndani, nikamwambia atoke apumzike.

"Nyamaza, Abla! Nasikia kitu."

Tukanyamaza. Upepo tu.

"Manyoya," sauti yake ikasema. "Nimegusa manyoya. Ni ya moto. Wapo! Abla, wapo! Wanacheza!"

Nazmi akapiga yowe ambalo nadhani walilisikia Port Said.

Alianza kuwatoa mmoja mmoja, ndani ya kofia yake ya kusalia, akiisukuma nyuma kwenye shimo mpaka mkono wangu unaifikia. Ninatoa, namwekea kofia tena. Wamefumba macho, ngozi imeanza kuota manyoya laini kama ya ganda la pichi. Mmoja. Watatu. Watano. Niliwaweka kifuani ndani ya blauzi, kwenye joto. Saba! Wa saba hakuwa anacheza.

"Mama yao?" nikauliza.

"Yuko mbele yangu. Ananiuma. Uma, binti yangu, uma, una haki."

Hapo ndipo adhana ilipoanza.

Sijawahi kusikia adhana fupi namna ile. Ilipomalizika katapila likawashwa. Kisigino cha Haji bado kilikuwa nje ya baraza, mwili wote ndani. Nikasimama mbele ya chuma kile na sungura saba ndani ya blauzi, mikono nimeipanua, na sikusema kitu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa mchanga.

Bwana Sharbini akainua mkono. Dereva akazima.

"Dakika kumi," akasema. "Samah akijua nimemzika mtu chini ya baraza hatanipikia hata huo wali ulioungua."

Haji alitoka kinyumenyume akiwa mwekundu wa udongo kuanzia ndevu mpaka nyayo, mkono unavuja damu, na ndani ya kanzu jike la kijivu. Nyuma yake, kutoka tundu ambalo hata ramani haikulijua, akachomoka Kahawa! Mweusi, mkubwa, kama risasi, akapita kati ya miguu ya Nazmi, akapita chini ya katapila, akaelekea lango lililong'olewa na barabara yenye magari.

Sijui Bwana Sharbini aliwaza nini. Nadhani hakuwaza. Alijitupa. Mtu mzima, mnene, alianguka chini kwa urefu wake wote na kofia ya plastiki mbele, akamfunika nayo.

"Nimemshika!" akapiga kelele, uso chini. "Abla, nimemshika! Sasa nifanye nini?"

"Usimshike masikio!" nikamjibu.

Aprili 27

Wa saba amekufa kabla hatujafika kliniki. Sita wananyonya. Haji ameshonwa nyuzi tano. Jumba halipo tena, na kwenye roshani yangu jua linaingia kwa nguvu nisiyoizoea. Vumbi ndani ya kitanda, ndani ya sukari, ndani ya daftari hili.

Mei 1

Kristo amefufuka. Nimepika mlenda kwa bata. Nazmi alikula sahani tatu, kisha akaniuliza, "Na huyu bata hakuwa na mama?"

Nilimwambia aninyamazie, mambo mengine yatakuja mwakani.

Mei 9

Kumi na wanne wamepata nyumba. Daktari anawahoji wanaokuja kama polisi: una roshani, una mbwa, ukihamia nchi za Ghuba utamwacha na nani? Bwana Sharbini alikuja na Samah, wakamchukua Kahawa. Samah alinibusu akaniambia, "Abla, sikuunguza, jiko ndilo lilikuwa bovu." Haji amemchukua Lozi na ameng'oa milango ya kizimba, sasa sungura anatembea nyumba nzima.

Mei 14

Haji aliniita nishuke, nikae naye wakati anampigia Jumana simu ya picha.

"Nimekaa kwenye chumba cha mitambo kinachowaka moto," akaniambia, "sikuogopa hivi."

Jumana ana miaka minane, hana meno mawili ya mbele. Alikuwa anaanza kusimulia kuhusu shule Haji alipomkatiza.

"Jumana, babu alikudanganya. Hakuna shamba. Niliwaacha kwenye bustani ya watu, nikafunga lango, nikaenda zangu."

Nikasikia kiyoyozi cha Kuwait.

"Walikuwa wanakula nini?"

"Walichopata."

"Na maji?"

"Ya maua."

"Kahawa yuko wapi?"

"Amepata nyumba. Wanampenda, utamwona ukija."

"Na Karafu?"

Nilitaka kumsaidia Haji kujibu, akanizuia kwa mkono wenye kovu.

"Karafu amekufa. Kosa ni langu."

Jumana alilia kimya, kama watu wazima. Haji hakugeuza uso wala hakumwambia anyamaze. Kisha mtoto akajipangusa kwa kiganja.

"Geuza simu," akasema. "Nataka kumwona Lozi. Sitaki kukuona wewe."

Akaigeuza. Lozi alikuwa amelala chini ya kochi. Haji Metwali akalala kifudifudi kwenye zulia, akanyoosha mkono, akaishika simu hivyo, na Jumana akaanza kuzungumza na sungura wake. Alimweleza kila kitu: shule, ngazi za jengo lao, rafiki mwenye kasuku. Dakika ishirini nzima. Nikataka kumpokea Haji simu, akakataa kwa kichwa.

Mwishowe sauti ikatoka ndogo.

"Babu? Bado uko hapo?"

"Nipo."

"Kesho piga tena. Mapema, kabla sijaenda shule."

"Saa ngapi?" akauliza Haji, bado kifudifudi, na alikuwa anatafuta penseli.